Mkungu wa Kisiwani

Leo nimefungua gunia jikoni nikakuta ndizi za kupika zimeiva, na harufu yake tamu imenikasirisha upya.

Utotoni mwangu, baba alikuwa ameahidi kutupeleka kisiwani kwa mtumbwi, tulale huko na kuvua samaki. Mama akakata mkungu wa safari. Baba akaitisha kikao kama cha kijiji, yeye mwenyekiti, tujadili nani akae mbele. Kisha akaahirisha. Mara shamba la ujamaa, mara mvua, mara kamba ya nanga haijasokotwa! Mkungu wa tatu ulipoivia guniani, mama alichoka.

“Baba watoto, kwani wewe unajua kuogelea?”

Sote tukamtazama. Baba aliinamia daftari lake la kikao, akaandika polepole huku akisoma kwa sauti: “Kikao kimeahirishwa.”