Sanduku la Taa na Maziwa ya Mama Wangari

Mpaka leo nikikumbuka naona haya, na mimi sasa ni mzee wa wajukuu. Nimetumia maisha yangu kuunda vipimo vya mwanga vya kugundua kemikali na vijidudu kwenye maji na chakula, lakini cha kwanza kilikuwa kisanduku cha mbao chenye balbu ya tochi, jicho dogo la kunasa mwanga na mshale wa kuonyesha kipimo, nami nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzijuzi (na kichwa kimenivimba kweli kweli).

Kazi yake ilikuwa kunasa maziwa yaliyotiwa maji: yakiwa na maji mwanga hupenya zaidi, mshale unapanda. Basi nikakipeleka kituo cha maziwa cha ushirika, nje kidogo ya Nyeri, asubuhi wakulima wamepanga foleni na mikebe yao, ukungu umetanda huoni hata ng'ambo ya barabara, na kwa kuwa nilitaka wote wachungulie maajabu yangu, nikaacha kifuniko wazi. Kosa ni hilo tu.

Mikebe minne ikapita salama. Wa tano ulikuwa wa Mama Wangari, ambaye wazee wetu walikuwa wamepanga kwenda kwake Jumamosi kuniposea binti yake, Wangari. Nikamimina maziwa yake, ukungu ukapasuka, jua likaingia sandukuni, mshale ukaruka mpaka mwisho, na mimi, badala ya kufikiri, nikatangaza kwa sauti ya mwalimu mkuu, "Haya yana maji."

Mama hakupandisha sauti.

"Ati maji? Hii ng'ombe nimekamua na mkono yangu."

Karani akatumbukiza kipimo chake cha zamani, kile cha kioo kinachoelea, akasema maziwa ni safi. Nikapima tena. Wingu likafunika jua, mshale ukashuka. Karani akaniuliza kwa upole, "Sasa Bwana Sayansi, tukitaka kujua maziwa ni mzuri, tutakuwa tunangoja ukungu?"

Walicheka, nami nikacheka nao, ningefanya nini?

Jumamosi haikuwa ya posa tena, ikawa ya kuomba msamaha, na mbuzi juu yake. Wangari nilimpata mwishowe, na tumezeeka pamoja. Lakini tangu siku ile, kila asubuhi, mama yake alichota kikombe cha maziwa yake akakinywa mbele ya foleni kabla ya kuyatoa yapimwe, ingawa hakuna aliyemwomba, na aliendelea hivyo mpaka miguu ikakataa kumfikisha kituoni. Hilo linaniuma kuliko kicheko. Ndiyo maana sijatamka tena jibu mbele ya mwenye mali kabla ya kupima mara ya pili.