Sauti ya Anonciata kwenye Santuri

Kabla hajaolewa na Gaspari, Anonciata alikuwa mwimbaji. Mwaka 1962 bendi moja iliyopita Bukoba ilimwomba aimbe nao wimbo mmoja, ukarekodiwa kwenye santuri ndogo. Miaka mingi baadaye, yeye na mumewe wakiwa wakulima kijijini Mabira, alipasuliwa rovu, uvimbe wa shingoni. Alipona, lakini sauti haikurudi, akabaki kunong'ona.

Binti yao Renatha hakuwahi kumsikia mama yake akiimba. Kwa hiyo kahawa ya mwaka 1986 ilipouzwa, Gaspari alikwenda Bukoba akarudi na gramafoni ya spika mbili, ya kutumia betri ya gari. Wakakaa sebuleni wote watatu, Gaspari akaiweka ile santuri. Ikakwaruza na kutatarika kama mahindi yanayokaangwa. Sauti ya mtu ilisikika kwa mbali, imezama humo. Anonciata aliinuka akatoka, akaelekea migombani.

Gaspari akamfuata.

"Imekwisha, Baba Renatha," alinong'ona. "Iache."

Hakuiacha. Kesho yake aliizungushia gramafoni blanketi, santuri ikiwa ndani, akaifunga kwenye baiskeli na kuisukuma hadi Kaisho, kwa fundi redio Rwezaura.

Rwezaura aliigeuzageuza santuri kwenye mwanga. "Mzee, hii ilirekodiwa kwa njia moja tu ya sauti. Gramafoni yako inasoma njia mbili, inaokota makwaruzo ya kila upande. Tena sindano yake ni nyembamba, inapita chini kabisa ya mfereji wa santuri, palipojaa uchafu."

"Basi ndiyo imekufa?"

"Nani kasema?"

Akaunganisha nyaya za pande mbili zikawa njia moja. Kisha akachomoa kichwa chenye sindano nene kwenye gramafoni kuukuu, akakifunga kwenye ile mpya na kurekebisha uzito wa mkono unaobeba sindano. Gaspari alikuwa ameshika ukingo wa meza.

Jioni hiyo, huko Mabira, makwaruzo yalikuwepo bado, ila madogo. Juu yake msichana aliimba, sauti nyororo, yenye kiburi kidogo. Renatha akamtazama mama yake.

"Ni wewe?"

Anonciata alicheka bila sauti, machozi yakimtiririka. "Rudisha," alinong'ona.

Renatha akajaribu kuufuatisha wimbo, akakosea. Mama akamgonga goti, akampigia mapigo kwa kiganja, akamwonyesha kwa midomo mahali pa kuvuta pumzi. Gaspari akairudisha sindano mwanzo, na mara hii binti akapatia.