Karo ya Wenyeji na Ndege za Richfield

Ukitaka kujua besmenti ya shemeji yangu pale Richfield, Minnesota, iko karibu na uwanja wa ndege kiasi gani, wacha nikwambie: ndege ikishuka, rubani anaweza kuona kama ugali wetu umeiva. Vikombe vinacheza kwenye rafu. Siku moja abiria alinipungia mkono dirishani na nikamtambua, ni mtu wa Eldoret. Habari ya huyo wa Eldoret mke wangu haikubali, lakini ya vikombe anaikubali.

Tulifika hapo mwezi wa saba tukitoka Texas, mimi, mke wangu na binti yetu ambaye alikuwa amemaliza haiskuli huko huko. Shemeji, kaka wa mke wangu, akatupa besmenti nzima, ile sehemu ya nyumba iliyo chini ya ardhi. Nikamuuliza kodi ni ngapi. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake, na mama yake ni mama mkwe wangu, kwa hivyo nikanyamaza haraka. Kwetu mtu hamwandikii dada yake mkataba wa nyumba. Tukawa tunanunua chakula, mke wangu anapika, na mimi nachangia maneno.

Maneno yenyewe yalikuwa haya. Kila ndege ikipita naangalia juu, nasema, "Hiyo ndiyo yetu. Pakieni." Theluji ya kwanza ilipoanguka nikaapa Krismasi hainikuti hapa. Halafu ikaja ile baridi ya Januari, ya kugandisha neno mdomoni mpaka uingie nalo ndani liyeyuke, ndipo mke wako asikie kwamba uliomba chai. Hapo nikatangazia kanisa zima kwamba narudi Texas. Kila Jumapili wakawa wananiuliza, "Kumbe bado uko?" Na mimi najibu napita tu. Mwezi wa nne, jua lilipochungulia kidogo, nilivua koti langu la baridi nikampa mtu wa kwaya mbele ya kila mtu, eti ninakoenda halina kazi.

Pikapu yangu ilikuwa bado ina namba za Texas. Leseni yangu ya Texas. Masanduku mawili yalikaa nyuma ya mlango, hayajafunguliwa tangu tufike. Si kwamba nilikuwa na mpango. Ungeniuliza narudi Texas kwa nani, ningekosa jibu. Ni mdomo tu. Wengi wetu tuko hivyo: mtu miaka ishirini anasema mwaka ujao naenda nyumbani, na ukimwangalia ana nyumba hapa, ana mbwa, na mbwa ana daktari wake.

Binti yangu mwaka huo alikuwa anafanya kazi ya kutunza wazee, huku anatafuta chuo. Alitaka uuguzi kama mjomba wake. Chuo kilipomkubali nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amekufa. Halafu binti akatueleza habari ya karo. Mimi shule niliachia darasa la tano, na mwalimu wangu alimshukuru Mungu hadharani, kwa hivyo ilibidi anieleze polepole. Karo ziko mbili. Mtu wa jimbo hili analipa karo ya wenyeji. Mtu wa jimbo lingine analipa karo ambayo ukiimaliza nafikiri unapewa chuo chenyewe na askari wa getini. Hiyo hatukuiweza. Bila karo ya wenyeji, asingeenda.

Na ili tuhesabiwe wenyeji, lazima familia iwe imeishi hapa mwaka mzima kabla ya masomo kufunguliwa, na ionyeshe imekuja kukaa, haipiti.

"Mwaka tunao," nikasema. Masomo yalikuwa yanaanza mwisho wa mwezi wa nane.

"Mwaka, ndiyo," mke wangu akasema, akaangalia yale masanduku.

Mkataba hatuna. Leseni Texas, gari Texas. Kilichobaki ni mwenye nyumba aandike barua ya kiapo kwamba anatujua na tumekaa. Sasa, shemeji yangu ni nesi na ni mzee wa kanisa, na uongo hasemi. Ukimwuliza hujambo, anafikiria kwanza. Tulimkuta mezani anakula, akasikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Kwamba mmekaa kwangu tangu mwezi wa saba, hiyo naapa hata sasa. Lakini hapa mnataka niape kwamba mmekusudia kubaki."

"Eeh, shemeji."

"Shemeji, si juzi umegawa koti?"

"Huo ulikuwa mzaha."

"Najua ni mzaha. Sasa niambie ni siku gani uliniambia lile lingine, kwamba mnakaa. Niambie tu siku, niandike."

Nikatafuta hiyo siku. Ndege ikaja, vikombe vikaanza kucheza, na mdomo wangu, naapa, ukafunguka wenyewe. Lakini binti yangu aliniwahi. Huyu mtoto hata ukimwuliza kama anataka chapati anakujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Baba, kwani sisi tunakaa wapi?"

Ndege ikapita yote, na mkia wake. Mimi niliyewahi kubishana na polisi wa barabarani mpaka akaniomba msamaha, nikabaki kuhesabu vikombe. Kwa sababu karo ilikuwa nusu tu ya swali. Tangu akiwa na miaka minane, kila nyumba tuliyoingia nilimwambia hii ni ya muda. Hakuwahi kubandika hata picha moja ukutani. Mimi nilidhani hapendi picha.

Kesho yake nikaenda kubadilisha leseni. Foleni ilikuwa ndefu, walioanza nyuma yangu wakiwa vijana waliingia wana mvi. Wakanipiga picha nimefumba macho, kwa hivyo Minnesota inanijua nikiwa nimelala. Nikang'oa zile namba za Texas. Skurubu zilikuwa zimeliwa na ile chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu, zikanitoa maneno ambayo nashukuru shemeji alikuwa kazini. Masanduku nikafungua. Ndani kulikuwa na sandali na feni. Mwaka mzima nililinda feni, Minnesota.

Jumapili wakati wa matangazo nikasimama. Watu walianza kucheka kabla sijasema kitu.

"Wapendwa," nikasema, "naomba koti langu lirudi."

Wakacheka zaidi. Nikangoja wamalize.

"Sisi tunakaa hapa. Mimi, mke wangu na binti yangu. Hatuendi mahali."

Wakacheka tena, wakidhani utamu unakuja. Lakini sikukaa chini wala sikutabasamu, na kicheko kikaisha kidogo kidogo, mpaka mama mmoja wa kwaya akasema amina, wakapiga makofi. Mke wangu alikuwa ameinama, anatafuta kitu kwenye mkoba ambacho hakikuwemo.

Shemeji alituendesha mpaka nyumbani. Jioni akakaa na ile barua kama kuku juu ya yai. Mistari yenyewe haikuzidi vidole vya mkono, lakini kila neno alilipima presha kwanza. Kesho yake akaenda akaapa.

Jibu la chuo lilikuja mwezi wa nane, tukiwa nje tunachoma nyama. Binti yangu akasoma kwenye simu, akampa mama yake. Mama yake akampa shemeji. Shemeji akasoma kwa sauti, bila haraka, kwamba tumehesabiwa wenyeji. Binti yangu akachukua simu yake. Akaingia ndani, na baada ya muda tukasikia nyundo, ko, ko, ko, anapigilia picha kwenye ukuta wa mjomba wake bila kuomba ruhusa. Shemeji alisikia. Akageuza nyama.

Ndege ikaja chini chini, imejaza anga. Wote wakanitazama, hata binti yangu alikuwa ametoa kichwa mlangoni, nyundo mkononi.

"Iende salama," nikasema. "Hiyo ina wenyewe."