Bibi Hama na Bendi Inayofunga

Mtaani walimwita Bibi Hama, ingawa katika nyumba ile, duka mbele na vyumba viwili nyuma, hakuwahi kuhama tangu azaliwe. Kazi yake ilikuwa kushona sare za shule. Jina alilipata kwa redio.

Nyuma ya pazia la duka zilikaa redio za kaka yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, na waya mrefu uliopanda hadi paani. Mara moja kwa mwaka waliingia kwenye mashindano ya dunia, ambapo kila kituo hutafuta vituo vingine vingi kadiri kiwezavyo. Si kwa kuongea, la. Kompyuta hugeuza herufi chache kuwa mlio mwembamba, na kompyuta ya upande wa pili huusoma. Fundi viatu wa jirani alisikia neno bendi, akaja kuchungulia.

"Nasikia mna mashindano ya bendi. Sasa ngoma ziko wapi?"

"Shika huo waya," Bibi Hama alimjibu, "utacheza mwenyewe bila ngoma."

Bendi za redio ni kama barabara za hewani. Nyingine hufunguka jua likiwa juu, nyingine likizama. Kaka alirusha ujumbe, na mwenzao Mfamasia alisikiliza kwa redio ya pili ili kujua barabara ipi ina watu. Sheria iliwaruhusu kubadili bendi mara nane tu kwa saa, wao waliita hama nane, na wa kuamua lini alikuwa Bibi Hama peke yake. Alizigawa kama anavyogawa kitambaa cha mteja, akijua akishakata amekata. Tena kabla ya amri aliuliza kwanza: "Ameagwa?" Maana wapo wanaokurupuka kuhama kabla wa upande wa pili hajathibitisha kupokea, na kazi yote ikawa bure. Kaka akiinua dole gumba, ndipo: "Tunahama!"

Dole gumba, kwa sababu Kaka hakuwa na sauti tena. Madaktari waliiondoa pamoja na uvimbe wa koo. Mtu ambaye alikuwa akisema "kaeni chini" darasani kwake, hata darasa la jirani wanakaa! Enzi hizo kila Jumapili alizungumza redioni na rafiki yake wa ng'ambo. Walijuana kwa sauti tu, hata namba za simu hawakupeana. Baada ya upasuaji Kaka aliona haya, akazima redio. Alipokuja kujirudi, rafiki naye alikuwa ameshapelekwa kwenye nyumba ya wazee, huko hakuna redio. Wakapata habari kwamba klabu ya redio ya kule humtoa mzee siku ya mashindano tu, na kwamba yeye anaamini Kaka amekufa.

Ndiyo maana mwaka ule Kaka aliitazama skrini kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Alasiri, jua likishuka, walikuwa wamebakiwa na hama moja ya saa ile. Mfamasia alivua visikilizio.

"Bibi Hama, bendi ya mita arobaini imeanza kuchangamka. Tukienda sasa tunaongoza. Jamani, mara ya kwanza toka tuanze! Hii ya kumi na tano ninayoisikiliza inakufa, imebaki na kituo kimoja tu cha..."

Akasogea karibu na skrini yake, akalisoma tena jina la kituo.

"Ni yeye," alisema polepole. "Ni rafiki yake Mwalimu."

Kaka alikuwa ameshasimama.

"Lakini Bibi Hama, tukihamia huko tumekwama. Bendi inafunga, na hama nyingine hatuna mpaka saa igeuke. Watatupita wote."

"Najua."

"Tumehangaika mwaka mzima kwa ajili ya leo."

"Najua, baba." Akamgeukia kaka yake. "Huyo wa mwisho ameagwa?"

Dole likapanda.

"Tunahama. Kumi na tano."

Kaka aliita. Kimya. Akaita tena. Mara ya tatu rafiki akajibu, wakapeana namba za mashindano, pointi ikaingia. Ungedhani basi, mzee ataita mwingine. Badala yake yakatokea maneno aliyoyachapa mwenyewe, si yale yanayopangwa na kompyuta:

UPO BADO KAKA

Ujumbe wa namna hiyo hauchukui zaidi ya herufi kumi na tatu, hata nafasi tupu inahesabiwa. Kaka akaandika NIPO SINA SAUTI. Kompyuta ikakata mwisho: NIPO SINA SAU. Akafuta, akapanga upya, ikakata tena. Na kila zamu ya kurusha na kupokea iliyopita, alama za rafiki zilizidi kufifia.

Bibi Hama aliweka mkono begani kwake.

"Kaka, liache hilo la sauti. Hajakuuliza sauti. Amekuuliza kama upo."

Kaka akafuta, akabakiza NIPO, akairusha.

Zamu moja ikapita tupu. Ya pili ikaleta 73, namba ambayo watu wa redio huagana nayo. Kisha bendi ikafunga, ukabaki mvumo.

Mfamasia aliangalia vituo vingine vikiwapita, kimoja baada ya kingine. Alipunguza tu ule mvumo, akasogeza kiti chake karibu na cha Mwalimu.

Saa ilipogeuka, Bibi Hama hakuwa na moyo wa kutoa amri. Kaka alijifuta macho kwa kola, akaipeleka redio mita arobaini mwenyewe, akaanza kuita watu asiowajua.