Ukurasa wa Sababu

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho tu. Ofisini, sokoni na hata msibani anaitwa Bi Rula, kwa kuwa ndani ya mkoba wake, pamoja na funguo, kitana na leso, hukaa rula ya chuma ya sentimita thelathini. Tabia ya kupima kila kitu aliichukua kwa baba yake, aliyekuwa dereva wa rola, ile mashine nzito ya kushindilia barabara. Mzee huyo alisafiri miaka thelathini bila kufika mbali. Alimfundisha binti yake kwamba lami ni kofia tu, barabara yenyewe iko chini, na adui yake mkubwa si lori bali ni maji.

Wala usidhani ni mwanamke wa makelele. Kwa miaka kumi na minane amekuwa karani wa zabuni katika halmashauri ya mji, na kila kamati ya kuchagua mkandarasi inapokaa, yeye ndiye katibu wake. Anaita mkutano, anaandika muhtasari, na mwishoni anaandika ukurasa wa sababu. Kanuni inasema hakuna mkandarasi atakayepewa kazi mpaka uwepo ukurasa unaoeleza kwa nini ni yeye na si mwingine, na wajumbe wote wausaini. Kanuni nzuri kabisa, walioitunga walikuwa na akili zao timamu. Ubaya ni kwamba pale ofisini ukurasa huo huandikwa baada ya uamuzi kupikwa, kuiva na kupakuliwa. Wajumbe wakishachagua, humgeukia Bi Rula na kumwambia awatafutie sababu.

Naye alikuwa akiwatafutia. Uzoefu wa kutosha. Mitambo ya kisasa. Utendaji wa kuridhisha. Kwa mwandiko wake ulionyooka, hata uongo ulionekana umeoga na kupaka mafuta. Simtetei. Miaka kumi na minane ni mingi, na mashimo mengi ya mji ule yana mkono wake kwenye jalada.

Kisha ikaja zabuni ya barabara ya mtaani kwake mwenyewe. Ni kilomita mbili na nusu, kutoka kituo cha afya hadi shule ya msingi, na inapita mbele ya duka la mumewe, fundi cherehani. Mtaa mzima umeingoja lami hiyo miaka ishirini. Kiangazi vumbi linaingia hadi kwenye sufuria iliyofunikwa, na gauni jeupe la harusi likitundikwa nje saa moja linageuka la kaki. Mvua ikinyesha, wajawazito wanashushwa kwenye gari na kumalizia safari ya kituo cha afya kwa miguu, viatu mkononi.

Wakandarasi watatu waliomba. Mmoja aliangushwa na makaratasi yasiyokamilika, wakabaki wawili. Wa kwanza ilikuwa kampuni mpya ambayo magari yake yote ni meupe na yanaoshwa kila asubuhi. Wa pili alikuwa mzee mmoja anayeitwa Mzee Kokoto, mwenye rola kuukuu inayokohoa na mdomo usio na breki.

Sasa lazima nikueleze kipimo cha kamati ile, maana usipokijua utadhani nasimulia mzaha. Tangu enzi za wakuu waliokwisha kustaafu, wakienda kukagua kazi za mkandarasi, mhasibu huweka kikombe cha chai juu ya dashibodi. Gari likipita bila chai kumwagika, barabara ni nzuri. Ikimwagika, ni mbaya. Basi. Watu wazima wenye vyeti ukutani, wanapima barabara kwa chai.

Kampuni ya magari meupe iliwapeleka kwenye kipande chake kilichomalizika miezi mitatu tu iliyopita, ambacho hakijaonja hata tone la mvua. Vioo vya gari vilipandishwa, chai ikatulia kikombeni kama imegandishwa, na kamati ikatoa alama ishirini na nane kati ya thelathini. Kwa Mzee Kokoto hata hawakwenda. Mhandisi, ambaye ndiye mwenyekiti, alisema kazi za mzee yule zinajulikana. Kisha kama kawaida wakamgeukia katibu wao, na Bi Rula akaomba apewe hadi Jumatatu.

Jumamosi hakwenda sokoni. Alikwenda nyuma ya kiwanda cha matofali, kwenye barabara nyingine ya kampuni ile ile, yenye umri wa miaka miwili, ambayo kamati haikuonyeshwa. Kingo zilikuwa zimeliwa kama mkate uliopitiwa na panya. Akapiga magoti palipovunjika, akatoa rula. Mkataba wa barabara ile aliuandika mwenyewe, anaukumbuka: unene wa lami sentimita tano. Rula ilisema mbili na nusu. Akapima mahali kumi na moja, na ni mahali pamoja tu palipofika nne. Chini ya lami, badala ya kokoto zilizoshindiliwa, palikuwa na udongo aliouchokoa kwa ncha ya rula. Mtaro haukuwepo upande wowote.

Mlinzi wa kiwanda alimwona mama mtu mzima anatambaa barabarani, akamsogelea na kumuuliza kwa huruma amepoteza nini.

"Sentimita mbili na nusu," Bi Rula akamjibu, akasogea mbele kupima tena.

Mchana akaenda kwenye barabara ya Mzee Kokoto yenye miaka tisa. Haikuwa nzuri machoni. Ilikuwa na viraka, na chai ya mhasibu ingemwagikia mapajani. Lakini kingo zilikuwa nzima, unene ulikuwa tano na mahali pengine zaidi, katikati imeinuka kidogo ili maji yateremke pembeni, na mitaro ilikuwa ya kina, imejengwa kwa mawe. Bi Rula alijisikia vibaya kuyaona hayo, tusifichane. Mzee yule aliwahi kumwambia mbele za watu kwamba makarani hawajui chochote ila kugonga mihuri. Isitoshe, barabara ile ile aliichelewesha miezi mitano. Akayaandika yote, la uzuri na la ubaya, akarudi nyumbani magoti yamechubuka.

Mumewe alimsikiliza Jumapili akiwa anatunga uzi kwenye sindano. Yeye ni mtu wa amani, na mtu wa amani akichoshwa na vumbi huanza kupenda amani kupita kiasi.

"Mke wangu, lami mbovu si lami?" akasema. "Nusu shari kuliko shari kamili."

"Vumbi unalipangusa asubuhi," mkewe akamjibu. "Barabara ikifa baada ya mvua mbili, nani atatupa nyingine? Watatuambia nyinyi mlishapewa, kaeni pembeni, zamu ya wengine. Tutakaa miaka ishirini mingine, na safari hii tutakuwa na vumbi na mashimo."

Mume akaulenga uzi mpaka ukaingia tunduni. Kisha akauliza, watu wakija dukani kununa kwamba mke wake ndiye anayezuia lami, awajibu nini. Bi Rula akamwambia awaambie mkewe ni mkaidi. Mume akasema hilo wanalijua tayari.

Jumatatu saa nne wajumbe walikuwa wamekaa. Chumba cha mikutano kina meza ndefu iliyokatika mguu mmoja na kuegeshwa kwa matofali, feni inayozunguka kwa uvivu, na ramani ya mji iliyopauka hadi mito imetoweka. Kulikuwa na mhandisi, mhasibu, mwanasheria, na mjumbe wa wakazi ambaye ni muuguzi mstaafu, mama mtaratibu ambaye katika vikao vyote hajawahi kusema zaidi ya ndiyo. Bi Rula akawasomea vipimo vyake.

Mhandisi alimsikiliza huku akitazama dirishani. Alipomaliza, alimwambia kwamba ukaguzi ule si rasmi, haukuwa na barua, haukuwa na gari la ofisi, wala wajumbe. Mwanasheria akaongeza kwamba kamati haiwezi kutegemea matembezi ya Jumamosi ya mtu mmoja. Mhasibu akacheka kidogo, akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Kazi yako ni kuandika, Bi Rula," mhandisi akafunga mjadala. "Si kupima."

Hasira ilimpanda hadi masikioni. Si kwa ajili yake tu. Alimkumbuka baba yake juu ya rola, jua la utosi, anarudi nyuma na mbele mara ishirini mahali pale pale kwa sababu mara kumi na tisa hazikutosha, na hakuna aliyekuwa akimwangalia. Halafu mtu aliyevaa tai anakuambia kupima si kazi yako. Alitaka kusema mengi. Badala yake alisema sawa, ataandika.

Akafungua daftari la muhtasari, akachukua karatasi safi, akapiga mistari. Wajumbe wakaagiza chai. Waliona kalamu inatembea wakafurahi, wakaanza kuzungumzia mambo ya mpira. Baada ya nusu saa akainuka kuwasomea.

"Sababu za kuchagua kampuni ya magari meupe," akasoma kwa sauti yake ya kila siku. "Moja. Mhasibu alisema chai yake haikumwagika. Mbili. Mwanasheria alisema kitabu chao cha maombi kimejalidiwa vizuri kuliko cha mwenzao. Tatu. Mwenyekiti alisema mitambo yao ni mipya, ameiona kwenye picha. Nne. Mjumbe wa wakazi alisema anawafuata wenzake. Kamati haikupima unene wa lami mahali popote. Kamati haikuuliza maji yatapita wapi."

Akaiweka karatasi mezani, na kalamu juu yake. Mbele ya kila sababu alikuwa amepiga mstari wa saini.

"Haya ndiyo mliyosema, yamo kwenye muhtasari neno kwa neno," akasema. "Kila mmoja asaini mbele ya sababu yake. Mimi nimeshasaini kwamba nimeyasikia."

Hapo ndipo ungeona watu wazima wanavyotafuta mahali pa kuweka macho. Mhasibu alisema la chai lilikuwa utani. Bi Rula akamwonyesha kwamba utani huo ulipata ishirini na nane kati ya thelathini. Mwanasheria akasema sababu haziandikwi namna hiyo, zina lugha yake. Bi Rula akakubali, akamwomba amtajie sababu nyingine yoyote iliyotamkwa ndani ya chumba kile, kwa lugha aipendayo, naye ataiandika sasa hivi. Mwanasheria akapekua makabrasha mbele, akapekua nyuma, akameza chai. Mhandisi alimwamuru aichane karatasi. Akamjibu kwamba anayetaka ichanwe aichane mwenyewe, na yeye ataandika kwenye muhtasari nani kaichana.

Muuguzi mstaafu akanyoosha mkono kuomba kalamu. Mhandisi akashusha pumzi, maana saini moja ikianza zingine hufuata. Mama yule akaisoma ile sababu ya nne taratibu, midomo ikicheza, akaisoma tena. Kisha akaikata kwa mstari mmoja.

"Nimefunga vidonda vya watu miaka thelathini na minne," akasema. "Kidonda kikifunikwa juu kikaonekana kisafi, na chini kina usaha, nakijua. Mwenyekiti, mimi sisaini kitu mpaka nikaone hiyo barabara."

Kanuni ni kanuni. Saini moja ikikosekana, ukurasa umekufa. Jumatano kamati ilikwenda nyuma ya kiwanda cha matofali kwa gari la ofisi, safari hii na sururu. Muuguzi ndiye aliyeshuka wa kwanza. Mhasibu hakubeba kikombe. Walichimba mahali pamoja, wakachimba pa pili, na pa tatu hawakupahitaji, maana lami ilimeguka kwa kukanyagwa. Alama zikafutwa na tathmini ikaamriwa ianze upya.

Nisikudanganye kwamba mtaa ulimbeba Bi Rula juu juu. Lami imesogezwa mbele, mvua zimeanza, na wajawazito bado wanatembea na viatu mkononi. Wapo wanaopita dukani bila kumsalimu mumewe. Bi Rula anaumia, kwa sababu ni majirani zake na matope ni yake pia. Lakini akiulizwa kama anajuta, anasema anajutia kurasa za miaka kumi na minane iliyopita, huu hapana.

Wiki mbili baadaye mhandisi alimwita ofisini kwake. Hakumkaribisha kiti. Alimwambia kwa upole mwingi kwamba ofisi imeona impumzishe na mambo ya zabuni, kuanzia tarehe moja atahamia stoo ya vifaa, akahesabu ndoo na mafagio. Fomu ya uhamisho ilikuwa mezani imeshajazwa, imebaki saini yake tu. Bi Rula akaivuta na kuisoma tangu juu, kama anavyosoma kila karatasi. Jina lilikuwa sahihi. Cheo sahihi. Tarehe sahihi. Kwenye kipengele cha sababu za uhamisho palikuwa peupe.

"Stoo nitakwenda, mheshimiwa, kazi ni kazi," akasema, akamgeuzia fomu. "Ila hapa hujajaza. Andika sababu, nami nitasaini."

Mhandisi akasema hilo ni jambo dogo. Akachukua kalamu, akaandika neno *kwa*, akasita. Akamtazama Bi Rula, akaitazama karatasi, akaanza kukuna shingo kwa mfuniko wa kalamu. Bi Rula akavuta kiti mwenyewe, akaketi, akauweka mkoba mapajani, akamngojea.