Mizunguko Miwili

Kitu kilicho wazi hakikumshughulisha fundi wa vitasa. Kilichofungwa ndicho kilichomnyima raha. Kibanda chake kilipakana na duka la dawa, funguo zikining'inia ukutani kama samaki wa kukaushwa, na watu walimpachika jina Bilahodi, kwa kuwa kwa miaka thelathini hapakuwa na mlango uliomshinda.

Sifa hiyo ndiyo iliyomponza nyumbani. Miaka miwili iliyopita aliikuta droo ya bintiye imefungwa, na kabla hajajiuliza, waya ulikuwa tayari tunduni. Ndani mlikuwa na barua ambazo binti alimwandikia marehemu mama yake. Hakusoma hata moja. Aliirudisha droo, akaifunga kama fundi anavyofunga, mizunguko miwili. Binti alikuwa ameifunga mmoja. Akajua, akahama, na simu za baba hakupokea tena.

Asubuhi moja simu ya Bilahodi ilileta ujumbe: Unajua nani anachungulia ukurasa wako? Fungua hapa. Ukurasa wenyewe ulikuwa na picha nne, tatu za vitasa. Nani angeuchungulia, kama si mtu mmoja tu? Akafungua. Akaombwa neno lake la siri, akalitoa. Kiduara kikazunguka, kikapotea.

Hakujua kwamba tangu hapo simu ilikuwa ikiwaandikia wote anaowafahamu, kwa jina lake: Hivi huyu kwenye video ni wewe? Siamini.

Ilipofika saa nne kibanda kilijaa. Watu walilalamika kwamba wamebonyeza na video imegoma, hivyo wamekuja kwa fundi aifungue. Mwenye duka la dawa alimvuta pembeni, akamweleza bila kuulizwa kwamba mtu kucheza muziki stoo peke yake si wazimu, ni mazoezi. Mwalimu mkuu aliuliza kwa sauti ya chini kama humo amevaa shati la kijani. Dada yake Bilahodi alitangaza kuwa yeye hana la kuficha, kisha akataka kujua video ina dakika ngapi. Fundi aliapa kwamba hakuna video. Wakamshukuru kwa kuwasitiri.

Kisha simu ikalia. Alikuwa binti.

“Baba, wamekuibia akaunti. Usiguse kitu.”

Kazi ya binti ilikuwa kuwafundisha wafanyakazi wa maofisini wasibonyeze linki za ovyo. Baba akamuuliza amejuaje.

“Nimebonyeza.”

“Wewe? Na kazi yako hiyo?”

“Ilitoka kwako, Baba. Nikadhani una la kuniambia.”

Bilahodi aliwageuzia mgongo wateja wake. “Ninalo. Zile barua sikuzisoma, mwanangu. Nilifungua tu. Nisamehe.”

Jioni binti alikuja, akakaa kwenye kigoda cha wateja, akairudisha akaunti. Alipoandika neno jipya la siri alikigeuza kioo upande wake.

“Hili nakaa nalo mimi,” alisema. “Ukitaka kuingia, nipigie.”

Baba alikitazama kile kisimu, kitu pekee mjini asichokuwa na ufunguo wake. Vidole vilimwasha. Akavitia mfukoni.

Kesho yake, kabla hata hajafungua kibanda, alimpigia binti.

“Hodi,” akasema, akasubiri.