Sauti ya Mama Ndani ya Wimbo wa Kulipia

Mimi nina mdomo, nakiri. Tulipotoka kumzika mama kule Mlali, badala ya kukaa chini nilie kama wenzangu, nilianza kupanga nyumba. Ndivyo nilivyo, nikiumia nashika ufagio. Uvunguni mwa kitanda chake nikavuta katoni la kanda za kaseti, vumbi tupu. Nikamwambia baba, "Takataka hizi nazitoa. Nani anasikiliza kanda siku hizi? Mimi nalipia programu ya muziki kwenye simu kila mwezi, nyimbo zote za dunia zimo humu."

"Usiache mbachao kwa msala upitao," baba akasema.

"Baba nawe! Mbachao wenyewe umeshaliwa na panya."

Baba akaniambia kwamba baadhi ya kanda hizo mama alijirekodi mwenyewe, akiimba na wanawake wenzake wakimenya karanga uani, na kwamba nisizipige. Kwetu sauti ya marehemu haifunguliwi nyumbani mpaka tanga lianuliwe, na tanga letu huanuliwa mwaka ukishageuka, baada ya mavuno. Ukimfungulia kabla, atadhani anaitwa. Atarudi, na akirudi hana pa kukaa. "Tukishaanua utaniletea nimsikie," baba akasema. "Nitasubiri."

Basi nikazichambua kwa kutazama lebo za juu tu. Nne hazikuwa na maandishi, nikasema hizi ndizo zake, nikazifunga kwenye kanga nikazihifadhi. Zilizobaki zilikuwa na picha za bendi na majina ya kwaya, za dukani. Hizo nikampelekea fundi redio mmoja wa Kizota, Dodoma, aliyekuwa akikusanya kanda za zamani. Sikupiga hata moja kuhakikisha. Ningepigaje, na baba ameshakataza?

Nilichosahau ni kwamba mama hakuwahi kununua kanda tupu maisha yake yote. Alikuwa anachukua kanda ya dukani, anaziba vile vitundu viwili vya mgongoni vinavyozuia kurekodi, kwa karatasi iliyotafunwa, halafu anarekodi juu yake. Nje imeandikwa kwaya, ndani yumo mama na karanga zake. Nilimwona akitafuna karatasi hizo tangu nikiwa mdogo, na bado sikukumbuka.

Miezi kama mitano ikapita. Jumamosi moja mchana nilikuwa peke yangu nyumbani kwangu Dodoma, nakatakata mchicha jikoni. Jua kali, upepo wenye vumbi unasukuma mlango wa uani. Simu nimeiacha sebuleni inapiga muziki. Orodha yangu ikaisha, ikaanza kujichagulia yenyewe kama kawaida yake.

"Njoo. Njoo hapa."

"Abee, mama!" nikaitika. Nikaweka kisu, nikapangusa mikono, nikatoka haraka maana mama hakupenda kuita mara mbili. Nilifika mlango wa sebule ndipo nikakumbuka kwamba mama yuko ardhini.

Yesu wangu! Tangu utoto tumefundwa: ukiitwa na usiyemwona, usiitike. Nyamaza mpaka uitwe mara ya tatu, kwa sababu wafu hawafiki tatu. Nikasimama pale, mkono ukiwa bado na maji, nikihesabu. Ikaita mara ya pili. Ikaita ya tatu. Ikaita ya nne na ya tano, na chini yake ngoma ya kompyuta inadunda. Halafu mtoto akaitika, "Abee," kwa sauti nyembamba yenye mafua. Mtoto yule alikuwa mimi.

Nilikaa sakafuni. Nilipoivuta simu nikaona ni wimbo wa mapenzi wa kijana fulani wa mjini, anamlilia mchumba aliyemkimbia, na mchumba ndiye anayeita "njoo". Jamani! Siku ile mama alikuwa ananiita nikamfukuze mbuzi kwenye karanga. Waliotengeneza wimbo wamemkata mbuzi, wakabakiza wito tu, wakaurudisharudisha.

Jumatatu yake nikamwendea fundi Kizota, moto unawaka kichwani. Alinyanyua macho kwenye spika aliyokuwa anaichomelea waya, akanisalimu kwa upole. "Yule mama anayeita?" akasema. "Dada, nilimpenda sana yule. Nilihamishia kwenye kompyuta, nikawapa kipande chake vijana wa studio wanaotafuta sauti za kale." Na kanda zenyewe je? Zilishaanza kushika ukungu, akazichoma moto na takataka nyingine. Na kompyuta yake nayo ilishaungua umeme ulipokatika na kurudi. Nikaanza kumfokea. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini si ulisema mwenyewe ni takataka?"

Nilisema. Nilimwambia hivyo siku nilipomkabidhi katoni.

Nilirudi nyumbani nikaazima redio kwa jirani, nikavunja mwiko. Nikafungua ile kanga na kupiga kanda zote nne. Mahubiri. Zote nne, mchungaji mmoja yuleyule anakohoa.

Nikajiambia, si kitu. Wimbo upo, naulipia, nimeupakua ndani ya programu, baba atamsikia mkewe akiita hata kama ni maneno matatu. Kuanzia hapo nikawa nausikiliza kila siku. Asubuhi nikipiga pasi, jioni nikiosha vyombo. Kila akiita, naitika kimoyomoyo. Baadaye nikawa naitika kwa mdomo. Siku moja ofisini, simu ikiwa ndani ya mkoba, imezimwa kabisa, nikasema "Abee" na kusimama. Mkuu wangu akaniuliza nimeitwa na nani. Nikamwambia nilidhani ni yeye. Yeye ni mwanamume mwenye sauti nene, akanitazama muda mrefu. Niliogopa sana siku ile, na jioni nikausikiliza tena.

Mavuno yakaisha, tukaanua tanga. Watu wakala, wakaomba, wakaondoka na vyombo vyao. Alasiri tukabaki mimi na baba barazani. Alikuwa ameitoa redio ya mama, ameifuta vumbi, ametia betri mpya.

"Haya, mama," akaniambia, maana ndivyo anavyoniita mimi bintiye. "Leta."

Nikamweleza yote, kanda, Kizota, moto. Nilitamani anifokee, hakufoka. Nikasema, "Lakini yumo humu, baba, ngoja," nikafungua simu. Jina la wimbo lilikuwepo, limegeuka rangi ya kijivu. Nikabonyeza. *Wimbo huu haupatikani tena.* Juzi tu niliusikiliza! Nilizima, nikawasha, nikatafuta mtandao mpaka nyuma ya zizi, nikaazima simu ya binamu. Hakuna. Nimeulipia mwezi huo, na hakuna.

Niliporudi barazani baba alikuwa bado ameshika redio mapajani.

"Uso wake ninao," akasema. "Hata mwendo ninao. Sauti iliniponyoka kabla ya mvua. Asubuhi moja nimeamka, naitafuta, haipo. Nikasema si neno, ipo kwenye kanda, nitasubiri." Akaniangalia. "Wewe unaikumbuka?"

"Naikumbuka, baba."

"Ita nisikie."

Nikafungua mdomo. Nilitaka kumtoa mama yangu, yule wa uani mwenye maganda ya karanga kwenye kanga. Ikatoka "njoo, njoo hapa" imenyooshwa, imepandishwa juu kama walivyoipandisha studio, na katikati nimeacha pengo la ngoma. Nililisikia pengo hilo mwenyewe. Baba alikuwa ameinamisha sikio kama mtu anayesikiliza iwapo kuna mgeni mlangoni.

"Huyo siye," akasema. Kisha, taratibu, kama ananibembeleza, "Jaribu tena."

Nikajaribu tena. Ikatoka ileile, na sina nyingine.